UZI: Nini kilimtengeneza Lakatos? Kambi ya Recsk, hesabu, ama ugomvi wa London?

#1 Mwalimu_Katindo (Goma)
Jambo wote. Silabusi zetu za falsafa ya sayansi zinampa Imre Lakatos, mwanafalsafa wa sayansi na hesabu, ukurasa mmoja na nusu: alikuwa chini ya mwanafalsafa Popper, akamsoma Kuhn, mwanahistoria wa sayansi, akachanganya wote wawili, basi. Mimi nasema hiyo ni kumwonea. Mtu huyu alizaliwa Debrecen, Hungaria, tarehe 9 Novemba 1922. Alikuwa mkomunisti wa msimamo mkali, akapewa kazi katika wizara ya elimu baada ya vita, kisha chama chake mwenyewe kikamkamata mwaka 1950 na kumpeleka kambi ya Recsk kuvunja mawe hadi 1953. Mtu aliyetoka huko hawezi kuandika juu ya "kukubali kosa" kama mtu aliyekaa maktabani.

Dai langu: swali lake kubwa, yaani lini mtu ana haki ya kuendelea kushikilia nadharia ambayo ushahidi unaipinga, lilitoka kwenye chama na kambi. Halikutoka kwenye fizikia. Nipingeni.

#2 Ibanda_Fizika (Bukavu)
Aksanti kwa uzi. Napinga mara moja, kwa tarehe. Alitoka Recsk 1953. Akaingia Cambridge baada ya kukimbia Hungaria Novemba 1956. Tasnifu yake ya Cambridge ni ya 1961, nayo inahusu nini? Fomula ya Euler ya maumbo yenye nyuso bapa! Vipeo toa kingo jumlisha nyuso ni sawa na 2. Hakuna chama humo, hakuna kambi. Mawazo yake ya "kiini kigumu" (madai ya msingi yasiyoguswa) na "mkanda wa kinga" (dhana za pembeni zinazobadilishwa ili kukilinda kiini) yanakuja mwishoni mwa miaka ya 1960, na makala kubwa ni ya 1970. Kama Recsk ndiyo sababu, mbona ikalala miaka 15?

Aliyemwelekeza ni mwanahisabati Pólya. Baada ya kifungo Lakatos aliishi kwa kutafsiri vitabu vya hesabu, kikiwemo cha Pólya juu ya namna ya kutatua maswali. Na wazo la kuandika tasnifu juu ya historia ya fomula ile alipewa na Pólya huyohuyo.

#3 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Nyote wawili mmeruka Debrecen. Kabla ya Recsk, kabla ya Pólya, alikwisha kuandika tasnifu ya udaktari Hungaria, miaka ya 1947 na 1948, juu ya namna dhana zinavyoundwa katika sayansi za maumbile. Na alihudhuria semina za György Lukács, mwanafalsafa wa Kimarx. Someni ule mjadala wa darasani katika kazi yake ya hesabu: dai linatolewa, mfano wa kulipinga unatokea, na dai linarudi likiwa limebadilika, likiwa na maneno mapya ndani yake. Huyo ni Hegel, mwanafalsafa wa mawazo yanayokua kwa kupingana, amevaa kanzu ya Euler. Alipofika Uingereza akajua Hegel hapendwi pale, akalificha jina na kubaki na mwendo.

#4 Mwalimu_Katindo (Goma)
@Yaya_Kamalondo, hoja ya 1947 ni nzito, naikubali. Lakini hiyo inaonyesha alipenda dhana zinazobadilika. Haionyeshi alipopata swali la *haki ya kung'ang'ania*. Sikilizeni hotuba yake ya redio ya 1973 juu ya sayansi na sayansi bandia. Anaanza wapi? Kanisa lilivyowatenga wafuasi wa Copernicus, na Chama cha Kikomunisti kilivyowatesa wafuasi wa Mendel (watu wa sayansi ya urithi) kwa kisingizio kwamba mafundisho yao ni sayansi bandia. Kwake mpaka kati ya sayansi na upuuzi ulikuwa jambo la kufa na kupona.

#5 Chukudu_Logika (Goma)
Samahani wakubwa, niulize swali la chini. Hiyo fomula ya Euler nimeijaribu na fremu ya picha ya mbao, ile ya mraba yenye tundu katikati. Vipeo: 8 mbele, 8 nyuma, jumla 16. Kingo: mbele 8, nyuma 8, zinazounganisha 8, jumla 24. Nyuso: mbele 1, nyuma 1, nje 4, ndani 4, jumla 10. 16 − 24 + 10 = 2. Fomula imesimama! Sasa mbona vitabu vinasema Lakatos alitumia fremu hiyohiyo kuivunja?

#6 Ibanda_Fizika (Bukavu)
@Chukudu_Logika, swali lako si la chini hata kidogo, umegonga palepale. Uso wako wa mbele si poligoni (umbo bapa lenye mpaka mmoja wa mistari iliyonyooka). Ni pete: una mpaka wa nje na mpaka wa ndani, na mipaka hiyo haikugusana. Seremala hatengenezi fremu hivyo. Anakata mbao nne, kila ncha kwa pembe ya nyuzi 45, anaziunga pembeni. Chora mistari ya viungo hivyo, 4 mbele na 4 nyuma. Sasa:

vipeo 16
kingo 24 + 8 = 32
nyuso: mbele 4, nyuma 4, nje 4, ndani 4 = 16

16 − 32 + 16 = 0. Imevunjika.

Ukitaka kuona ubaya wa nyuso za pete, chukua mchemraba mdogo uugundishe juu ya mkubwa, katikati. Vipeo 16, kingo 24, nyuso 11 (6 za mkubwa, na 5 za mdogo kwa sababu wa chini umefichwa). Jibu 3. Kwa hiyo ile 2 yako ilikuja kwa makosa mawili yaliyofutana: tundu lilipunguza 2, pete mbili zikarudisha 2.

#7 Mama_Labo (Lubumbashi)
Na hapo ndipo Lakatos anapokuwa mtamu, kwa sababu hakuishia kusema "imevunjika". Aliuliza: imevunjika *kwenye hatua gani ya uthibitisho*? Uthibitisho wenyewe ni wa Cauchy, wa 1811, na unaweza kuufuata na boksi la karatasi ngumu na mkasi:

Kwanza, kata uso mmoja uutoe. Kilichobaki kitandaze mezani kama kingekuwa cha mpira. Umepunguza uso mmoja, kwa hiyo sasa jibu linatakiwa kuwa 1.
Pili, kila poligoni igawe kwa mistari hadi zote ziwe pembetatu. Kila mstari unaongeza ukingo 1 na uso 1, jibu halibadiliki.
Tatu, ondoa pembetatu moja moja kuanzia pembeni. Ama unaondoa ukingo 1 na uso 1, ama kingo 2, kipeo 1 na uso 1. Jibu halibadiliki.
Unabaki na pembetatu moja: 3 − 3 + 1 = 1.

Fremu inakwama hatua ya kwanza. Toa uso wowote, haitandaziki. Mchemraba wenye tundu la mchemraba ndani yake (16 − 24 + 12 = 4) nao unakwama palepale. Hatua ya tatu nayo ina mtego wake: ukianza kutoa pembetatu za katikati badala ya za pembeni, hesabu inaharibika. Cauchy hakutaja mpangilio wa kutoa.

#8 Chukudu_Logika (Goma)
Aksanti sana Mama. Kwa hiyo mtu anaweza kusema tu: "fremu si polihedroni (umbo lenye nyuso bapa), itoeni hapa"?

#9 Mama_Labo (Lubumbashi)
Anaweza, na wengi walifanya hivyo. Lakatos anaiita njia ya kufukuza mazimwi. Kila zimwi likija, unabadili maana ya neno "polihedroni" ili libaki nje ya mlango. Njia nyingine ni kukubali zimwi na kupunguza dai: "fomula ni kweli *isipokuwa* kwa yenye matundu". Njia aliyoipenda yeye ni kurudi kwenye hatua iliyokwama, kuiandika wazi, na kuiingiza ndani ya dai: "kila polihedroni *ambayo ikitolewa uso mmoja inatandazika*..." Hapo zimwi limekufundisha kitu. Kwa njia ya kwanza halikukufundisha chochote.

#10 Mzee_Kadutu (Bukavu)
Watoto wangu, nimesoma yote. Naongeza sababu ambayo hakuna aliyeitaja. Julai 1965, chuo cha Bedford, London. Kuhn amekuja kutoka Marekani, Popper anaongoza kikao, Toulmin yupo, Watkins yupo, Margaret Masterman alichangia makala ambamo anahesabu kwamba Kuhn ametumia neno "paradaimu" (mfumo wa fikra ambao wanasayansi wanafanyia kazi ndani yake) kwa maana 21. Mkutano ule Lakatos ndiye aliyekuwa mwandaaji mkuu. Kitabu chake kilitoka 1970, na makala yake ndefu ya mipango ya utafiti (kiini kigumu pamoja na mkanda wake) imo humo. Kuhn amesema wanasayansi hawaitupi nadharia hata ikipingwa. Popper amesema ni lazima waitupe. Historia iko upande wa Kuhn, lakini ukimfuata Kuhn hadi mwisho, sababu ya kubadili nadharia inakuwa saikolojia ya kundi. Lakatos alitaka njia ya tatu. Hilo linatosha. Sioni haja ya kuchimba kambi wala Hegel.

#11 Ibanda_Fizika (Bukavu)
Mzee, kwa heshima, sahihisho dogo. Popper wa "ni lazima waitupe mara moja" hakuwahi kuwepo, na Lakatos mwenyewe anakiri. Aliwagawa Popper watatu: wa 0, wa 1 na wa 2. Yule wa 0, anayeamini jaribio moja linaua nadharia bila rufaa, Lakatos anasema hakuwahi kuchapisha hata neno moja, ila wakosoaji walimbuni. Popper alikasirikia ugawaji wote huo, na katika majibu yake ya 1974 alilalamika kwamba Lakatos amemwelewa vibaya.

#12 Mzee_Kadutu (Bukavu)
Umenikamata, Ibanda. Nakubali.

#13 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Mzee kukubali kosa siku ileile, hiyo tuiandike tarehe 😀

#14 Virunga_Sismo (Goma)
Nyinyi mnazungumza London, mimi naangalia mlima dirishani. Twende Nyiragongo, volkano yetu ya Goma, maana ndio mtihani wa kweli wa Lakatos hapa kwetu.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulilipuka bila onyo lililotangazwa. Watu wengi mjini walisema: sayansi ya volkano imefeli, ifungwe. Huyo ni Popper wa 0. Sasa fuata Lakatos. Kiini kigumu: mlipuko ni magma kusogea, na ikisogea inapasua mwamba, mwamba ukipasuka kuna mitetemeko, ardhi inavimba ama kuzama, gesi inabadilika. Hakuna aliyegusa kiini hicho baada ya Mei. Kilichoguswa ni mkanda wa kinga. Dhana ya pembeni ilikuwa kwamba dalili zinakuja siku ama wiki kadhaa kabla. Ikabadilishwa: kwa mlima ambao shimo lake liko wazi na ziwa la lava linachemka juu, magma tayari iko karibu na uso, haihitaji kupasua mwamba mwingi, kwa hiyo dalili za mwisho zinaweza kuwa chini ya saa moja.

Swali la Lakatos ni moja tu: mabadiliko hayo yametabiri kitu *kipya*, ama yamefunika aibu?

#15 Mwalimu_Katindo (Goma)
Na jibu lako?

#16 Virunga_Sismo (Goma)
Nusu kwa nusu. Upande wa kusonga mbele: picha za rada za satelaiti na mitetemeko zilionyesha magma imeingia kama ukuta mwembamba chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Vifaa viwili tofauti kabisa vikaonyesha mahali pamoja. Hicho ni kitu ambacho nadharia inaweza kujivunia.

Upande wa mashaka: ukisema "milima ya shimo wazi haitoi onyo refu", umejipa ruhusa ya kukosa onyo kila mara. Ili isiwe kufukuza zimwi, inabidi iseme kitu kinachoweza kukosewa. Mfano: ziwa la lava likiganda na shimo likifungika, dalili *lazima* ziwe ndefu kuliko za 2021. Hapo tunaweza kuipima.

#17 Birere_Moto (Goma)
Na tarehe 27 Mei je? Serikali ya jimbo iliamuru mitaa 10 ya Goma ihamishwe, kwa hofu ya mlipuko wa pili chini ya mji ama ziwani. Watu wakaenda Sake, Bukavu, Gisenyi. Mlipuko wa pili haukuja. Huo si utabiri uliokanushwa?

#18 Virunga_Sismo (Goma)
Hapana, na hapa tunachanganya vitu viwili. Utabiri unasema "litatokea". Amri ya kuhama inasema "likitokea, hasara haibebeki". Uwezekano mdogo unatosha kutoa amri, lakini hautoshi kuihukumu nadharia. Magma nyingi huingia chini ya ardhi na kugandia hukohuko bila kutoka. Ukitaka kuihukumu nadharia, uliza kama ilisema kwa kipimo magma iko wapi na imesimama lini. Usiulize kama watu walirudi Juni nyumba zikiwa salama.

#19 Mama_Labo (Lubumbashi)
Nilete mfano wa shaba basi, Goma wasitubebee uzi. Mkanda wa kinga unauona kila siku penye maabara. Chukua upimaji wa shaba kwa iodini. Gramu 0.5 ya madini, imeyeyushwa kwa asidi, pH imewekwa kati ya 3 na 4, unatia iodidi ya potasiamu kwa wingi. Shaba inatoa iodini, unaipima kwa thiosulfati. Mililita 1 ya thiosulfati ya 0.1 M ni miligramu 6.355 za shaba. Madini ya asilimia 30 yana miligramu 150, kwa hiyo unatarajia mililita 23.6.

Umepata 25. Nani anasema kemia ya shaba ni uongo? Hakuna. Unaanza kutoka nje kwenda ndani:

Jibu limepanda? Chuma cha III kinatoa iodini yake, umesahau kukifunga kwa floridi. Ama asidi ni kali mno, hewa inaigeuza iodidi kuwa iodini.
Jibu limeshuka? Iodini imenaswa kwenye unga mweupe wa iodidi ya shaba, ulitakiwa kutia thiosianati karibu na mwisho.
Rangi ya buluu haifi, inarudi rudi? Wanga umetiwa mapema, iodini ikiwa bado nyingi. Subiri hadi rangi iwe ya manjano hafifu.
Yote sawa? Basi thiosulfati yako ni ya zamani, ipime upya.

Tofauti ya fundi mwaminifu na mdanganyifu ni hii: mwaminifu akisema "ni chuma", anaongeza floridi, anapima tena, na jibu linashuka. Kisingizio chake kimetabiri. Mdanganyifu anasema "ni chuma" na kuandika 23.6 kwenye daftari.

#20 Ibanda_Fizika (Bukavu)
Mama, #19 iwekwe kwenye silabusi. Ni Neptune na Vulcan tupu. Uranus ilipotoka njia yake, Le Verrier alisema kuna sayari nyingine, Galle akaikuta mwaka 1846. Mkanda ukazaa matunda. Zebaki ilipotoka njia yake kwa sekunde 43 za tao kwa karne, Le Verrier alisema tena kuna sayari, akaiita Vulcan. Haikuonekana kamwe. Mtu yuleyule, njia ileile, na mara ya pili kiini chenyewe cha Newton ndicho kilichopaswa kuguswa, na Einstein akakigusa 1915.

#21 Mzee_Kadutu (Bukavu)
Na hapo ndipo mwanafalsafa Feyerabend alipombana Lakatos. Mwaka 1859, siku Le Verrier anatangaza tatizo la Zebaki, Lakatos angemshauri nini? Akisema "subiri", asubiri miaka mingapi? Prout alisema 1815 kwamba uzito wa kila atomu ni mara kadhaa ya haidrojeni. Klorini ikakataa: 35.5. Ilibidi kungoja karne nzima hadi isotopu zijulikane (atomu za elementi moja zenye uzito tofauti), klorini ya 35 na ya 37 zimechanganyika, ndipo Prout akaonekana hakuwa mjinga. Kama hakuna muda wa kikomo, basi sheria ya Lakatos haimkatazi mtu yeyote kitu chochote. Feyerabend alimwambia wazi kwamba yeye ni mwanarkia (asiyekubali sheria yoyote ya njia) aliyejificha, na kitabu chake cha 1975 cha kupinga njia alikitabaruku kwa Lakatos, akimwita rafiki na mwanarkia mwenzake. Walipanga kuandika pamoja, mmoja akiitetea njia na mwingine akiipinga. Lakatos akafa ghafla London tarehe 2 Februari 1974, umri miaka 51.

#22 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Lakatos alijibu hilo, Mzee. Alisema unaweza kushikilia mpango unaozorota (usiotabiri tena kitu kipya), ila daftari la hesabu liwe wazi: uandike ulivyofeli na mwenzako alivyofaulu. Na wahariri wana haki ya kukataa makala yako, wafadhili wana haki ya kukunyima fedha.

#23 Birere_Moto (Goma)
Samahani nitoke nje kidogo. Jina "Lakatos" ni la nani? Nimesoma alizaliwa Lipschitz.

#24 Mwalimu_Katindo (Goma)
Ndiyo, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Wakati wa vita alijiita Molnár, yaani msaga nafaka, ili asikamatwe. Mama yake na bibi yake waliuawa Auschwitz. Baada ya vita akachukua Lakatos, yaani fundi wa makufuli. Sababu zinazotolewa ni tatu. Moja: jina la kifanyakazi linalomfaa mkomunisti. Mbili: mashati yake yalikuwa na herufi I.L. na hakutaka kuyapoteza. Tatu: heshima kwa jenerali Géza Lakatos, waziri mkuu wa 1944.

#25 Ibanda_Fizika (Bukavu)
Ya tatu hainiingii. Mkomunisti ajipe jina la jenerali wa mtawala Horthy?

#26 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Ya pili ndiyo inayomfanana, nguo zilikuwa adimu kabisa. Lakini tusimfanye mtakatifu. Mwaka 1944, mjini Nagyvárad, kikundi chao cha siri kilimshinikiza msichana wa miaka 19, Éva Izsák, ajiue kwa sumu, kwa hoja kwamba akikamatwa atawataja wote. Lakatos ndiye aliyekuwa kiongozi na ndiye aliyejenga hoja. Baada ya vita akashiriki kukivunja Chuo cha Eötvös, na baada ya Recsk alitoa taarifa kwa polisi wa siri. @Mwalimu, ukisema kambi ndiyo iliyomfundisha, ueleze pia kwa nini ushirikiano huo ulikuja *baada* ya kambi.

#27 Mwalimu_Katindo (Goma)
Ni kweli, na linauma. Narekebisha dai langu: si kambi peke yake. Mabadiliko yanaonekana 1956, alipokuwa tayari akisoma Popper na akitetea hadharani, katika mduara wa Petőfi (kikundi cha mijadala cha Budapest), haki ya wasomi kutofautiana. Kambi ilitangulia, Popper akafuata, tanki za Urusi zikamaliza. Na Uingereza haikumpa uraia hadi anakufa. Aliandika juu ya mipaka ya sayansi akiwa hana hati ya nchi.

#28 Ibanda_Fizika (Bukavu)
Mwalimu, angalia unachofanya. #1 kambi. #4 redio. #27 kambi, Popper na tanki. Kila nikileta mfano wa kupinga, unaongeza dhana ya pembeni na kiini hakiguswi. Umetabiri nini kipya?

#29 Mwalimu_Katindo (Goma)
Haki yako kuuliza. Natabiri hivi: barua zake na Feyerabend zilizochapishwa 1999 zisomwe zote, na panapotajwa uasi wa wanafunzi wa 1968 pale chuoni kwake London, hoja zake dhidi yao zitakuwa zilezile za mkanda wa kinga na uaminifu wa daftari. Zikiwa ni hoja za nidhamu ya chuo tu, dai langu limezorota.

#30 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Na zikiwa na harufu ya Hegel, ni langu. Nani ana nakala hapa Lubumbashi? Niko tayari kulipa fotokopi.

#31 Chukudu_Logika (Goma)
Wakati mnasoma barua: piramidi mbili za pembetatu zilizogundishwa kwenye ukingo mmoja. Vipeo 6, kingo 11, nyuso 8. Nimepata 3. Hapa hakuna tundu wala pete. Imekwama hatua gani ya Mama Labo?

#32 Mama_Labo (Lubumbashi)
Ileile ya kwanza, lakini kwa sababu nyingine. Toa uso mmoja wa piramidi ya kushoto: ya kushoto inatandazika, ya kulia inabaki imefungwa, inaning'inia kwenye ule ukingo. Sasa hesabu nyuso zinazokutana kwenye ukingo huo. Kawaida ni 2. Hapo ni ngapi?

#33 Chukudu_Logika (Goma)
4.